Gari Lililozimika Madrid

Northampton, Uingereza
8 Septemba 2024

Kwako Mjomba Jotham,

Shikamoo Mjomba. Huku nimeamka mzima. Baridi imeanza kuuma kama ya kwetu mwezi wa sita, na mwenye nyumba wangu ananiuliza kila asubuhi kwa nini sivai koti. Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa Rungwe. Hajui maana yake, lakini ameacha kuuliza. Mama ananiambia kwenye simu kwamba goti lake limepona. Wewe niambie ukweli, maana yeye hata akivunjika mguu atasema amejikwaa. Na Sekela, mgahawa wake wa Msasani pale Tukuyu unaendaje? Mwambie binamu yake anaota mbalaga yake, zile ndizi za kupika, usiku.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, wamenitoa stoo! Tangu nifike nilikuwa nahesabu spea na kuzibandika majina. Jumatatu iliyopita mkuu wa mafundi, mama wa Kijerumani anayeitwa Ingrid, alikuja akasema, "Wewe, betri." Maneno hayo tu. Ingrid hatumii maneno matatu kama mawili yanatosha. Kwa hiyo sasa niko upande wa betri za magari ya mbio yenyewe.

Nikueleze, maana najua utauliza. Haya ni mashindano ya dunia ya magari ya umeme matupu. Petroli hakuna, moshi hakuna. Timu yetu ina magari mawili na madereva wawili. Gari la msimu huu linatoka kusimama mpaka mwendo wa kilomita mia kwa saa kabla hujamaliza kuniita "Tusekile Monica". Na dereva anapopunguza mwendo kwenye kona, mota zinageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Karibu nusu ya umeme wanaotumia kwenye mbio wanauokota njiani. Nilipoelezwa hivyo nilikufikiria wewe, nikajua ungekaa kitako kwanza.

Msimu unaanza tarehe 7 Desemba, Sao Paulo, Brazil. Baadaye ni Mexico, Jeddah, Miami, Monaco, Tokyo, na kuendelea hadi London mwezi wa saba. Upande wa betri tuko wanafunzi wa kazi wawili, mimi na kijana wa Uskoti anayeitwa Callum. Atakayesafiri na timu ni mmoja. Watachagua baada ya majaribio ya Novemba kule Valencia, Hispania.

Tafadhali usimwambie mtu bado.

Mpwa wako,
Tusekile

*

Masoko, Tukuyu
30 Septemba 2024

Mpwa wangu Tusekile,

Marahaba, ndaga fijo, asante sana. Barua yako imefika baada ya siku kumi na nane, na ikakaa siku mbili zaidi posta kwa sababu mvua ilinifungia nyumbani. Goti la mama yako halijapona, ila limepungua. Anapanda mpaka shambani akishikilia migomba. Kahawa imechanua vizuri. Parachichi nazo zimebeba mpaka tumeweka miti ya kutegemeza matawi. Sekela ameongeza benchi mgahawani, na amenunua televisheni kubwa ambayo ukutani inaonekana kama mlango wa pili.

Aliniambia niache kukuandikia barua, nitumie simu. Nilimjibu kwamba miaka thelathini na moja ya mitambo ya chai imeniachia sikio la kulia peke yake, nalo ni la kupigiwa kelele. Ujumbe wa simu ni wa kumwambia mtu kwamba basi limefika. Habari za mtu zinaandikwa kwa kalamu.

Uliniambia nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Nimemwambia mama yako, ambaye kwako si mtu, ni mzazi. Nimemwambia Sekela, ambaye ni damu yangu. Na nimemwambia Mchungaji Lukasi, ambaye kutunza siri ndiyo kazi yake. Kama Mchungaji aliitaja kwenye maombi ya Jumapili, hilo liko kati yake na Mungu.

Mota inayogeuka kuwa jenereta! Nilikaa kitako kweli, tena juu ya gunia la mbolea. Nimesoma ukurasa ule mara nne. Halafu nikajiuliza jambo moja, nawe unijibu kama fundi kwa fundi: betri hiyo inapopata moto mnafanyaje? Maana kiwandani kila mtambo nilioushika, adui yake wa kwanza alikuwa joto. Wa pili alikuwa mtu mwenye haraka.

Huyo Callum ni kijana wa namna gani? Anajua kazi? Usimchukie, lakini pia usimwonee huruma.

Mjomba wako,
Jotham

*

Northampton
19 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu kantini mpaka watu wakageuka. Mchungaji na maombi yake! Mama ameshaniambia kwamba siku hizi wazee wakimsalimia wanauliza kwanza habari za betri.

Nakujibu fundi kwa fundi. Betri inapozwa kwa maji maalumu yanayozunguka ndani yake kwenye mirija. Yanaingizwa kupitia tundu dogo lenye kifuniko cha kuzungusha, si kikubwa kuliko kizibo cha soda. Kila gari kabla halijatoka, mmoja wetu anajaza na kufunga, mwingine anakagua kwa mkono wake na kutia sahihi kwenye karatasi. Kifuniko hicho kikilegea maji yanavuja, betri inapata moto, na gari lenyewe linajizima kabla ya jambo baya kutokea. Kwa hiyo kazi ya mpwa wako, Mjomba, kwa sasa ni kufunga kifuniko. Usiwaambie Masoko.

Callum anajua kazi. Ana nywele nyekundu kama udongo wa barabara ya Masoko, na anaimba vibaya. Akikosea anasema "Ni mimi" kabla hujauliza. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwepesi kuelewana naye kama yeye. Hilo ndilo baya, kwa sababu nafasi ni moja, na mimi naitaka, Mjomba. Jana waliwasha gari kwa mara ya kwanza ndani ya karakana. Ule mlio wake mwembamba ulinipanda kutoka kwenye nyayo. Mafundi wenye mvi waliacha vikombe vyao vya chai na kuja kusimama kulitazama, kana kwamba hawajawahi kuona gari.

Tunaondoka kwenda Valencia tarehe 2 Novemba. Niombeeni.

Tusekile

*

Madrid, Hispania
11 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama atakuwa amewaeleza kwamba mafuriko yale makubwa ya Valencia hayakutukuta. Yalitokea kabla hatujasafiri. Watu wengi wamekufa kule, inasikitisha sana. Majaribio yakahamishiwa hapa Madrid.

Madrid ni mji mzuri. Chakula cha mchana wanakula saa nane na cha usiku saa nne. Wana nyama ya nguruwe wanayoianika miezi na miezi, wanaikata nyembamba mpaka unaweza kusoma gazeti nyuma yake. Nimekula pia mkate unaopakwa nyanya mbichi na mafuta. Machungwa yao ni matamu. Nimenunua kitambaa cha Mama na kofia yako.

Majaribio yameisha. Kesho tunarudi Uingereza. Kazi ni nyingi kwa hiyo siandiki sana.

Wasalimie wote.

Tusekile

*

Masoko
12 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba kabla hujanisalimu. Ile ya Oktoba nimeipokea Ijumaa. Tulisikia habari za mafuriko, mama yako akakaa na simu mkononi mpaka ulipopiga. Kyala, Mungu wetu, ni mwema.

Sasa sikia mambo ya huku, maana siwezi tena kuyaficha. Tarehe 7 Desemba mbio zinaanza saa mbili usiku kwa saa zetu. Sekela amepata namna ya kuunganisha intaneti ya simu kwenye ile televisheni yake. Mchungaji Lukasi ametangaza, safari hii si kwenye maombi, ni kwenye matangazo. Abeli, yule wa parachichi, ametoa pikapu lake la mizigo kubeba wazee kutoka hapa Masoko mpaka Msasani na kuwarudisha. Kwaya wanauliza kama wavae sare. Nimewaambia wasivae, wakanuna, basi nimewaruhusu skafu.

Mwalimu Alinanuswe amechora ubaoni njia ya mbio za Sao Paulo ili watoto wajue kona ziko wapi. Nami juzi Jumapili baada ya ibada nilisimamishwa nieleze namna betri inavyopozwa. Samahani, nimewaambia habari za kifuniko. Hakuna aliyecheka. Bibi Tusajigwe alisema, "Kwa hiyo akikosea yeye, gari lote linasimama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ndiye dereva."

Mama yako amefua kitenge chake kizuri na kukiweka tayari, na bado wiki tatu na nusu.

Nijulishe matokeo ya majaribio. Kila Jumanne na Ijumaa nashuka posta.

Jotham

*

Northampton
29 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti la Mama linaendelea vizuri na mvua haijaharibu kahawa. Naandika mambo haya ya mwanzo taratibu kwa sababu yanayofuata ni magumu.

Barua yako ya skafu na pikapu ilifika juzi, tarehe 27. Siku hiyohiyo asubuhi karatasi ilibandikwa mlangoni kwa Ingrid. Watakaosafiri Sao Paulo: watu kumi na tisa. Jina la kumi na mbili lilikuwa langu.

Watu walinipigia makofi. Mimi nilikwenda chooni, nikajifungia, nikasoma barua yako huko.

Mjomba, Madrid niliharibu. Siku ya pili ya majaribio nilijaza maji ya betri nikafunga kifuniko. Callum akakikagua kwa mkono wake, akatia sahihi. Kisha akaitwa kwenye gari la pili. Mimi nikatazama nikaona kama maji hayajafika kwenye alama, nikafungua tena, nikaongeza kidogo. Dereva alikuwa ameshakaa ndani, wanapiga kelele tutoke. Nikarudisha kifuniko. Sikukikaza. Naikumbuka mikono yangu vizuri: nilikizungusha mara moja, nikaruka nyuma.

Gari lilikwenda mizunguko sita likazimika upande wa pili wa uwanja. Dereva hakuumia. Lakini tulipoteza siku nzima ya majaribio, na hakuna timu inayoweza kurudishiwa siku. Ingrid alipouliza nani alikagua, karatasi ilikuwa na sahihi ya Callum. Callum akasema, "Ni mimi," kama kawaida yake. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika kitambaa, nikaendelea kufuta mikono iliyokuwa imeshakauka.

Ndipo nikakuandikia habari za nyama na machungwa.

Juzi, baada ya barua yako, nilimkuta Callum anapanga vifaa vyake kwenye sanduku. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema amemwomba Ingrid amrudishe stoo. Nikamwambia kosa moja halimrudishi mtu stoo. Akasema, "Si kosa. Tatizo ni kwamba nakumbuka nilikikaza. Kila nikifumba macho nakiona kimekaza. Kama mikono yangu inaweza kunidanganya hivyo, siwezi kuishika tena betri yenye mtu juu yake."

Nikamwambia palepale. Akaacha kupanga vifaa. Kisha akakaa chini sakafuni, akafunika uso, akasema, "Kwa hiyo nilikikaza." Akarudia mara tatu. Baadaye ndipo hasira zikamjia, na mpaka leo hanisemeshi. Sina la kulalamika.

Nikaenda kwa Ingrid. Akasikiliza bila kukaa. Akauliza, "Kwa nini leo, si siku ile?" Nikasema siku ile niliogopa. Akauliza, "Na kama orodha ingekuwa na jina la Callum, ungekuja?" Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikasema sijui.

Akaitoa karatasi mlangoni, akakata jina langu kwa kalamu, akaandika la Callum.

Sitakuwepo Sao Paulo, Mjomba. Nitamtumia Sekela ujumbe kuhusu hilo peke yake, mengine uyapate hapa kwa kalamu. Nawaza watu wote wale kwenye pikapu. Nawaza kitenge cha Mama. Nisamehe.

Tusekile

*

Masoko
9 Desemba 2024

Tusekile,

Mama yako hajambo. Mvua ni nyingi, barabara ya Masoko imekatika sehemu mbili. Sekela alipata ujumbe wako tarehe 2: "Mwambie Mjomba sitakuwepo Sao Paulo, sababu naandika." Hiyo sababu bado haijafika. Nakuandikia kabla ya kuijua, na labda ndiyo vizuri.

Sikumwambia mtu ule ujumbe. Nilifikiri labda mambo yatageuka. Ikafika siku yenyewe, mgahawa umejaa, wengine wako dirishani, kwaya na skafu zao. Ilipofika saa mbili kasoro robo nikasimama mbele ya televisheni. Nikasema, "Ndugu zangu, mtoto wetu hayupo pale. Ameachwa Uingereza. Sababu sijaijua. Anayetaka kurudi, Abeli atamrudisha sasa hivi."

Sekela alinipigia kelele sikioni kila kilichosemwa. Bibi Tusajigwe alisema, "Gari lake lipo?" Nikajibu lipo. Akasema, "Basi ondoka hapo mbele, unatuziba."

Hakutoka hata mmoja!

Mpwa wangu, mbio zile! Mimi sisikii, lakini nilikuwa naziona kwenye migongo ya watu. Magari yakijikunja kwenye kona na wao wanajikunja. Gari moja likapinduka, matairi juu, wanawake wakafunika macho, mbio zikasimamishwa, na dereva akatoka mzima. Mchungaji akashukuru kwa sauti. Halafu yule aliyeanza nyuma kabisa, wa mwisho wa wote, akawa anapanda mmoja mmoja, mpaka akashinda. Mwalimu Alinanuswe alipanda juu ya benchi. Hata benchi lenyewe limevunjika. Waliimba njia nzima ya kurudi, mvua inawanyeshea, na kesho yake watu walikuwa wananiuliza Mexico ni lini.

Lakini nikuambie na lililonisumbua. Walipoonyesha mafundi wenu, kulikuwa na kijana mwenye nywele nyekundu amesimama mahali nilipodhani ungesimama wewe. Nilimchukia, Mungu anisamehe.

Kisha nikaitoa ile barua yako ya Madrid nikaisoma upya. Ukurasa mzima wa vyakula. Gari hulitaji hata mara moja. Mtambo uliozoea kupiga kelele ukinyamaza ghafla, fundi hasubiri aitwe. Kuna nini?

Jotham

*

Masoko
27 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Tumekula Krismasi salama. Mama yako aliimba kwenye kwaya ya wanawake, amevaa kile kitenge. Barua yako ya tarehe 29 ilinifikia tarehe 17.

Nimeisoma peke yangu kule chini kwenye kahawa. Sitakuambia nimekasirika, wala sitakusifu. Nimefika mahali Callum anaposema, "Kwa hiyo nilikikaza," nikashindwa kuendelea. Nitakueleza kwa nini. Jambo hili hata marehemu mke wangu hakulijua.

Mwaka 1998, mwezi wa tatu, majani ya chai yanaingia kiwandani usiku na mchana. Kulikuwa na feni kubwa la kukaushia. Fundi mwenzangu, Simon wa Masukulu, alilifunga wiki ile akaandika kwenye kitabu cha zamu. Siku mbili baadaye mimi nililisikia linagonga. Nikalifungua, nikalirekebisha, nikafunga nati tatu. Ya nne ilianguka chini, na kengele ya kubadilishana zamu ikalia. Nikasema nitaitafuta kesho. Sikuandika kitabuni. Usiku ule feni lilichomoka. Kiwanda kilisimama siku mbili katikati ya msimu. Kitabu kilikuwa na jina la Simon. Wakamfukuza. Mimi nilikuwa nimesimama pale, Tusekile, kama wewe na kitambaa chako. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulikaa siku ishirini, mimi nimekaa miaka ishirini na sita.

Siku zote nilijiambia kwamba Simon alipoteza kazi tu, na kazi nyingine zipo. Lakini nilikuwa nasikia watu wakisema, "Ajabu, Simon alikuwa fundi hodari, siku hizi hata baiskeli yake anapeleka kwa mtu kutengenezwa." Nilikuwa nasikia na kupita. Mpaka niliposoma maneno ya Callum, nikaelewa.

Tarehe 20 nilimchukua Sekela, tukaenda Masukulu. Simon alikuwa anamenya maharage barazani. Nikamweleza nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Nilipomaliza hakunitazama mimi, alimtazama Sekela.

"Mwambie baba yako arudie."

Nikarudia.

"Nati ngapi?"

"Tatu. Ya nne sikuifunga."

"Na zangu mimi, siku ile ya kwanza, zilikuwa nne?"

"Zilikuwa nne, Simon. Zote zimekaza. Mimi ndiye niliyezifungua."

Akaangalia mikono yake. Aliigeuza, akaangalia na viganja. Sekela ananiambia alisema neno la chini sana kwa Kinyakyusa, hata yeye hakulidaka. Halafu akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mkewe akatoka akatuambia twende. Tukaenda. Njiani Sekela hakuwa na haja ya kupiga kelele ili nijue anawaza nini.

Siku moja kabla ya Krismasi, Simon alikuja hapa Masoko kwa baiskeli. Hakusalimia. Alisema karibu kabisa na sikio langu la kulia, "Spana zako ziko wapi?" Nikamwonyesha sanduku. Lile unalolijua, la bluu. Akalifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, akaondoka nalo. Jana Mchungaji alitoka Masukulu, akasema mashine ya kusaga ya pale kijijini, iliyokuwa imekufa tangu Agosti, ilikuwa imetandazwa vipandevipande juu ya turubai, na Simon yuko katikati yake. Leo asubuhi imesaga.

Hajanisamehe, na labda hatanisamehe. Nimewaambia pia watu wa mgahawani yote mawili, lako na langu. Wengine wamepunguza kunisalimia. Wewe wanakuulizia zaidi kuliko zamani.

Mama yako nilimsomea barua yako yote. Alisema, "Huyo ni mwanangu," akaenda kuwasha moto.

Jotham

*

Northampton
10 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena. Nilikuwa nikiandika na kuchana. Barua yako nimekaa nayo mfukoni mwezi mzima. Nimemsomea Callum sehemu ya Simon na ya mashine ya kusaga, nikiitafsiri neno kwa neno, kwa sababu ni yake kama ilivyo yangu. Tulianza kusemeshana tena kabla ya Mwaka Mpya. Yeye ndiye aliyeanza, aliniletea kikombe cha chai mbaya. Nilipomsomea na ile barua ya mbio, mahali ulipomchukia, alicheka mpaka akalowa machozi, akasema ana haki ya kuletewa ndizi kutoka Masoko.

Kofia yako na kitambaa cha Mama nimevituma wiki iliyopita.

Habari yenyewe ni hii. Kutoka hapa karakanani nimezifuatilia mbio za Brazil na za Mexico kwenye kompyuta, nikisoma joto la betri. Mexico Callum alikwenda tena, na alistahili. Lakini Jeddah, Ijumaa hii na Jumamosi, kuna jambo ambalo halijawahi kufanyika kwenye mashindano haya: magari yatasimama katikati ya mbio na kuchajiwa kwa sekunde thelathini, kisha yaondoke. Sekunde thelathini, Mjomba! Umeme unaoingia hapo ni mwingi kiasi kwamba tunavaa glavu mpaka kwenye viwiko. Mtu mmoja wa betri hatoshi.

Jumatano Ingrid alikuja kwenye meza yangu. Alisimama muda mrefu, akatazama karatasi zangu za ukaguzi za miezi miwili, moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Jeddah. Wewe unachomeka, Callum anakagua." Nikasubiri maneno mengine. Hayakuwepo.

Tumefanya mazoezi mara mia mbili na kumi na nne. Kuchomeka, kusubiri, kuchomoa, kurudi nyuma. Nimeota nachomeka. Mara ya kwanza tulitumia muda mrefu mpaka Callum akaanza kuimba. Sasa mikono inakwenda yenyewe, lakini bado kila mara naitazama mpaka mwisho. Sekela nimemtumia ujumbe wa siku, saa na namna ya kunitambua, maana barua hii itawafikia mbio zimekwisha. Saa za Jeddah ni sawasawa na za kwetu, kwa hiyo nitakachokiona na ninyi mtakiona muda uleule. Tutavaa helmeti, hamtaona sura. Mimi ni mfupi kuliko wote.

Naogopa, na sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe. Basi dogo la kwenda uwanja wa ndege limeingia getini, Callum anapiga honi badala ya dereva. Mwambie Mama nimekula.

Naenda kazini, Mjomba.

Tusekile